Ufunguo wa Pili

Nyumbani, 4 Februari

Kwa Bi Sindano, binti yangu,

Marahaba. Najua umeshasema shikamoo kabla hujachana bahasha. Kama hukusema, sema sasa, mimi nasubiri.

Watu wakiandika barua husema, "Sisi huku wazima, hofu ni kwenu." Mimi mwalimu alinikatia tamaa tulipofika kwenye kugawanya, lakini hilo hata mimi nalikataa. Wewe una hofu gani? Una koti jeupe, wazee wa watu wanakuita sista, ukipita na sindano hata mkorofi anakaa sawa. Hofu haipo kwako. Hofu iko humu humu.

Unauliza mbona simu haipatikani. Niliifungua. Mama yako alisema imejifunga yenyewe, nami nikamwambia kitu kikijifunga, mimi ndiye daktari wake, miaka yote hii nafungua milango ya wenye nyumba na makabati ya serikali, itanishinda simu? Kufungua nilifungua vizuri sana. Kurudisha ndiko kulikokataa. Sasa imelala kwenye kopo la misumari na nyumba imetulia.

Haya, jambo lenyewe. Kuna mwizi.

Anakuja nikiwa nimelala, yaani nikiwa najaribu, maana usingizi wenyewe siku hizi napimiwa kwa kijiko. Hachukui kitu, na hilo ndilo linalonikera. Mwizi akiingia kwako akatoka mikono mitupu, amekutukana. Tunapigana. Namtandika. Naamka niko sakafuni, shuka shingoni kama mbuzi wa mnadani. Juzi nilimpata kwa ngumi moja safi mpaka nikamsikia analia. Analia kama mwanamke, mwoga yule.

Mama yako hajambo. Amegonga mkono kwenye kabati.

Ni mimi baba yako,
Mzee Kitasa


Hospitali, 15 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti, mwenzangu wa zamu akageuka.

Habari ya simu ilinichekesha sana. Habari ya mwizi nikaisoma mara ya pili na kicheko kikaisha.

Nina maswali, na usiyajibu kwa mzaha kama ada yako. Hizo ndoto za kupigana zimeanza lini? Unapiga kelele? Mchana unasinzia? Na mkono unaoshikia tupa ya kuchongea funguo, bado ni ule ule?

Nauliza kwa sababu wadi yangu ni ya wazee, na sisi huku usingizi tunaufuatilia kama watu wa wadi nyingine wanavyofuatilia homa. Daktari wetu hupenda kusema mtu akizama kwenye usingizi mzito, ubongo unapata nafasi ya kujifagia: taka za mchana zinatolewa. Mtu akikosa usingizi huo miaka nenda rudi, taka zinabaki. Na wakati mwingine mambo huanzia upande wa pili, maradhi yanaharibu usingizi kwanza, kabla hayajagusa kitu kingine. Kipi kimemtangulia mwenzake, hata wakubwa wetu bado wanabishana.

Jingine. Nimechukua barua yako ya mwaka juzi nikailaza kando ya hii. Mwaka juzi herufi zako zilikuwa mende. Sasa ni sisimizi, na kila mstari unavyokwenda mwisho zinazidi kusinyaa. Kwa nini?

Na kabati lipi, baba? Kabati la chumbani kwenu liko upande wako wa kitanda. Mama analala ukutani.

Nimeomba likizo. Mpaka apatikane wa kushika nafasi yangu, siwezi kutoka.

Binti yako


Nyumbani, 27 Februari

Kwa Mheshimiwa Hakimu,

Nimepata hati yako ya mashtaka. Mshtakiwa anajibu hivi.

Herufi ndogo: nabana karatasi. 

Ubongo kujifagia: kama ni kweli, basi mfagiaji wangu ameacha kazi bila kuaga, na ufagio kaenda nao. Nilimweleza yule kijana wa duka la dawa, akanipa vidonge vya kulalia. Nikameza. Nililala kama gogo, nikaamka nimesimama uani, nimevaa viatu vya mama yako. Vinanibana kidogo, lakini rangi imenikaa.

Mkono: tupa imeanza kunitania. Naiambia ikate jino, inakata fizi. Mteja mmoja amerudisha ufunguo, anasema haufungui hata mdomo wake mwenyewe. Nikamwambia labda mlango wako ndio umezeeka. Tukacheka. Alipoondoka nikautazama ule ufunguo, sikucheka tena.

Mwizi: nimeshabadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Kisha cha nyuma. Kisha cha mbele tena, kwa kuwa sikukumbuka funguo za kile cha kwanza niliziweka wapi. Najua unachotaka kuuliza. Ndiyo, kila kitasa funguo mbili. Sheria ya karakana hii ni ile ile niliyokuimbisha ukiwa huna meno ya mbele: mmoja wa kutumia, mmoja wa kumpa unayemwamini. Kitasa chenye ufunguo mmoja ni kaburi lenye mlango. Hiyo sivunji hata malaika akija na oda yake.

Nimepata na mgeni. Anakaa kwenye kona ya karakana, nyuma ya jiriwa la kubania vyuma. Ni kizee kifupi, urefu wa stuli, koti la kijivu, mikono magotini. Hasemi. Nimemwita Bwana Kimya. Nilimkaribisha chai, ikapoa mbele yake. Mama yako anasema haoni mtu pale, lakini mama yako hajawahi kuwaona watu wangu wa maana. Ni mtu mstaarabu. Kuliko wajomba zako.

Kuhusu kabati: limesogea.

Mzee Kitasa, asiye na hatia


Nyumbani, 6 Machi

Mwanangu mpenzi,

Naandika jikoni, yeye yuko karakana anaongea na kona. Jirani angenipa simu yake, ila jirani yetu unamjua, sikio lake halina mlango. Barua nitampa karani wa basi.

Si kabati.

Usiku anapiga kelele, anatupa ngumi, anapiga mateke, macho yamefumba. Mara ya kwanza nilidhani anacheza, unajua michezo yake. Mkono nilivunjika nikijaribu kumshika. Zahanati wamenifunga plasta, wanasema utaunga, ila si kama zamani.

Sikiliza jambo hili, ndilo linalonikaa hapa kooni. Siku ile alipozinduka, aliuona mkono wangu umevimba, akaushika kwa mikono yake miwili, akauliza, "Nani kakufanya hivi, mama watoto? Niambie nikamshike." Nikasema kabati. Kwa hiyo ule uongo sikukutungia wewe. Nilimtungia yeye. Anauamini. Asubuhi yake alilitoa lile kabati msumari uliolishika ukutani akalisogeza, eti lisinigonge tena.

Usimwambie. Akijua ni yeye atakufa kwa aibu, na mzaha wake wote utakufa naye, nami sijui kuishi na mtu anayenyamaza.

Amekuwa analala na nyundo chini ya mto, kwa ajili ya mwizi. Niliitoa nikaweka mwiko. Asubuhi nikakuta mwiko umerudi jikoni, umeoshwa, na nyundo iko mahali pake.

Wa mchana ni mume wangu. Ananichokoza, ananiita Mkuu wa Majeshi, anaimba vibaya. Huyo wa usiku simjui.

Mama yako


Hospitali, 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua hii ni yako, lakini mruhusu mama aisome pia. Vile vidonge vitupeni leo. Visikae hata ndani ya kopo la misumari.

Nimezungumza na daktari wetu habari ya ndoto zako. Nimekaa nikitafuta namna ya kukueleza, mwishowe nikaona nikueleze kwa lugha ya karakana.

Kila mtu akiota, baba, mwili wake unafungwa kitasa. Ndoto inakimbia, miguu haikimbii. Ndoto inapigana, mkono umetulia kwenye shuka. Mungu aliweka kitasa hicho ili tulale bila kuumizana. Kwako wewe daktari anadhani kitasa hicho kimelegea. Ndoto ikiinuka, na mwili unainuka nayo. Kwa wazee wengine huwa hivyo tu. Kwa wengine ni ishara ya maradhi ya ubongo yanayokuja pole pole, pamoja na mkono kukakamaa, mwandiko kusinyaa, na wageni ambao wengine hawawaoni. Ndiyo maana nataka uje uonwe. Dawa za kupunguza zipo. Huna kosa lolote, sikia vizuri hapo.

Kwa sasa mlale vyumba mbalimbali. Vyuma vyote vya kazi vitoke unapolala. Mama, akipiga kelele usimshike. Muite kwa mbali.

Mwenye kushika zamu zangu amepatikana. Nitatoka hapa tarehe 16 Aprili.

Binti yenu


Nyumbani, 25 Machi

Mwanangu,

Ungesema tangu mwanzo kuwa ni kitasa. Ulikuwa unanizungusha na mafagio.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Mama yako alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Lete huo mwingine." Akasema, "Wa nini?" Nikamwambia, "Lete tu, Mkuu wa Majeshi, sikuli." Juu ya plasta, karibu na kiwiko, kuna alama ya wiki iliyopita, imegeuka rangi ya ndizi iliyoiva sana. Nikakunja ngumi nikaiweka juu yake, taratibu. Pete yangu ikakaa kwenye alama ya pete. Iliingia, mwanangu, kama ufunguo unavyoingia kwenye kitasa chake. Kazi hii nimeifanya maisha yangu yote, siwezi kubishana na ufunguo ulioingia.

Nikamuuliza, "Kabati lilivaa pete?" Akalia. Na kile kilio nilikitambua.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walikaribia. Changu kimo ndani ya ngozi.

Sasa tusiomboleze. Nimefanya kazi. Nimehamishia godoro karakana. Nyundo, patasi, tupa zote, nimezitia kwenye lile sanduku la bati, mama yako kaliweka chini ya kitanda chake. Halafu nikatengeneza kitasa cha mlango wa karakana. Mkono ulikataa, nikaupigia magoti, ukakubali. Ni kizuri, hata mimi mwenyewe sikifungui bila ufunguo wake. Ikifika saa ya kulala mama yako ananifungia kwa nje, asubuhi ananifungulia. Anagonga kwanza, anauliza, "Mwizi ameamka au mume wangu?" Namjibu, "Mwizi, ila ana njaa."

Nimemwambia nikibisha usiku asifungue. Nikiomba maji, asifungue. Nikilia kwa sauti ya mtoto, wala.

Na unajua nini? Analala. Sikuwa nimetambua kuwa hajalala muda mrefu, maskini, alikuwa ananilinda akili ikimtoka. Ukuta wa karakana na wa chumba chake ni mmoja, namsikia anakoroma. Anakoroma kama mashine ya kusaga iliyokosa mafuta. Mziki mtamu sijapata kuusikia.

Baba yako


Hospitali, 3 Aprili

Baba yangu,

Niliisoma ile barua chooni ili wenzangu wasinione.

Ulichofanya wachache wangekifanya. Lakini sikia. Kumfungia mtu si tiba. Moto ukiwaka je? Ukianguka je? Ni mpaka nifike tu, basi. Daktari amekubali kukuona wiki hiyo hiyo. Kalamu nitakayokuletea ni nene, uandike mende tena.

Jambo moja linanisumbua, nikifunga macho kulala nalikuta limekaa. Nakujua wewe. Hujawahi kutengeneza kitasa chenye ufunguo mmoja. Mama anao mmoja.

Wa pili uko wapi?

Nijibu hilo tu. Mengine tutaongea nikifika.

Binti yako


Nyumbani, 10 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo, na safari hii ni kweli. Mkono umefunguliwa plasta. Baba yako mchana yuko vizuri, siku nyingine yuko mbali kidogo, unamwita anachelewa kufika. Kibwana chake cha kona anakiwekea mto.

Usingizi wangu umerudi wote kwa pamoja, kama deni. Nikiweka kichwa, nimekwenda.

Labda ndiyo maana nimeanza kusahau. Juzi asubuhi nilikwenda kumfungulia, nikakuta mlango wa karakana uko wazi, umerudishiwa tu. Yeye yumo, amelala. Nikajilaumu. Mkono huu bado mnyonge, pengine sikuuzungusha ufunguo mpaka mwisho. Jana usiku nikahakikisha, nikavuta na kitasa. Asubuhi mlango ulikuwa umefungwa sawasawa, nikashukuru. Ila sanduku la bati nililikuta katikati ya chumba changu, si chini ya kitanda. Limefungwa kama nilivyoliacha. Nimeona ni mimi nililivuta nikifagia, nikasahau kulirudisha. Uzee, mwanangu. Na mimi utanipeleka kwa daktari wako.

Sikumwambia baba yako. Asije akaanza tena na mambo ya mwizi.

Mama yako


Nyumbani, 11 Aprili

Bi Sindano,

Mende zimekataa kurudi, vumilia na sisimizi. Mama yako kasema barua yake ya jana inasubiri basi la kesho, nikasema basi na yangu ipande humo humo, zipige soga njiani.

Unauliza ufunguo wa pili kama vile mimi fundi wa jana. Si nilikuimbisha? Mmoja wa kutumia, mmoja wa kumpa unayemwamini. Wa kutumia anao mama yako. Wa pili nikafikiri sana. Nikimpa jirani, mtaa mzima utakuja kunitazama kama nyani. Wewe uko mbali. Nimempa Bwana Kimya. Yuko pale pale ndani, halali, hanywi, haendi popote, utapata wapi mlinzi kama huyo? Alinyoosha mkono akaupokea, akautia mfuko wa koti. Moto ukiwaka atanifungulia, kwa hiyo na hilo la moto usihangaike.

Nami nina habari njema. Ameanza kusema.

Ana sauti ndogo, inabidi uiname. Ananiambia tulikosea, mimi na wewe na daktari wako. Mwizi hakuwa mimi. Mwizi alikuwapo kweli, ila ni mjanja, aliona karakana ina kitasa kipya akahama. Nikamuuliza kahamia wapi. Akaninyooshea ukuta.

Nikaweka sikio. Ni kweli, mwanangu. Kuna mtu analala upande wa pili. Anakoroma kwa raha zake, kama mwenye nyumba. Mama yako hakoromi hivyo.

Bwana Kimya anasema nisiwe na haraka. Anasema tumeshakwenda kutazama mara mbili, na vyuma tumeona viliko. Mimi sikumbuki kwenda, lakini yeye hasahau kitu.

Mama yako sikumwambia. Asije akakosa usingizi tena bure.

Mzee Kitasa


Kituo cha mabasi, 15 Aprili

Mama,

Barua zenu mbili nimezipata leo mchana, kwa pamoja. Nimeanza na yako.

Gari la sasa limejaa, nimeomba mpaka kusimama wamekataa. Nitapanda linalofuata. Karatasi hii nampa kondakta wa hili linalotangulia, ameniahidi ataileta mlangoni yeye mwenyewe, atagonga mpaka ufungue. Nimempigia jirani tangu mchana, simu inaita, haipokelewi.

Ukiisoma, usimuulize baba kitu. Usiutafute ufunguo. Chukua kanga yako, toka, nenda kwa jirani, na sanduku la bati toka nalo kama unaliweza. Kama ni usiku na huwezi kutoka, egemeza kabati mlangoni, ukae, uwashe taa.

Miaka yote hii kazi yangu ni kuwabembeleza wazee walale. Kwako leo nageuka.

Usilale, mama. Usiku wa leo, tafadhali, usilale.